Programu Isiyosubiri Salamu

Mliniaga kwa khanga, keki, na hotuba ndefu ya bwana mmoja asiyejua jina langu vizuri. Nikashukuru, nikaenda zangu. Nilidhani yameisha. Kumbe nyie vijana mlioachiwa kazi yangu mmenifuata mpaka sokoni Same kuniuliza ile programu ya mizigo inafanya nini pale katikati, na kwa nini imejaa alama za kuuliza. Sasa naandika mara moja, msome wote, mniache nikalime tangawizi yangu kwa amani. Nimestaafu nina miaka arobaini na kitu, meno yote yapo, na Mungu ni mwema. Wenyewe wanaita kupunguzwa. Mimi nasema kustaafu, kwa sababu mchungaji aliniombea kama mstaafu, na sala haipunguzwi.

Vyeo nitaviruka, kwa sababu vyenyewe viliniruka. Mshahara nao tuuache upumzike, ulichoka sana.

Kwanza mjue ile mashine kubwa ya kompyuta ilifikaje Same, maana wageni huwa wanashangaa kama wamekuta pundamilia kanisani. Shirika letu lilikuwa na mashamba ya mkonge huku bondeni, na kuna wafadhili huko Ulaya walikuwa na mashine yao ya zamani wameichoka. Kuitupa kwao kulikuwa na taratibu ngumu. Kuisaidia Afrika hakukuwa na utaratibu wowote. Ikaja kwa meli, ikaja kwa treni, makabati makubwa kama ya kuwekea majoho ya kwaya, ikawekwa Same kwa sababu Same kuna stesheni, kuna umeme, na kuna meneja aliyetaka kuwa karibu na kwao. Kuhusu vumbi la Same na upepo wake hakuna aliyeuliza. Vumbi lenyewe halikusubiri kuulizwa.

Mimi nilikuwa mpiga chapa. Jioni nikitoka kazini nasoma masomo ya watu wazima, Kiingereza na hesabu, kwenye darasa la shule ya msingi, magoti yamegusa kidevu kwa sababu madawati yalikuwa ya watoto wa darasa la pili. Shirika likatangaza linataka watu wa kufundishwa kompyuta, wajue kuchapa na wasiogope hesabu. Waliojitokeza hawakuwa wengi. Mjini walisema ile mashine inakausha maziwa ya mama, na mimi nilikuwa nanyonyesha. Mama mkwe akaniita barazani.

"Mkwe wangu, umesikia wanavyosema? Itakukausha."

"Mama, na njaa nayo inakausha."

Kesho yake akambeba mtoto mwenyewe mgongoni ili mimi niwahi.

Siku ya kwanza niliambiwa nivue viatu mlangoni, kama naingia msikitini. Ndani baridi, maana ndicho kilikuwa chumba pekee chenye kiyoyozi ninachokijua kuanzia Mwanga mpaka Hedaru. Ndiyo maana wakubwa walikuwa wanapenda sana kuja kukagua maendeleo, hasa saa nane mchana. Aliyenipokea ni Dada Rukia, mtu wa Tanga, kasoma nje, kavaa sweta juu ya baibui. Alikuwa mkuu wa programu. Chini yake hakukuwa na mtu, mpaka nilipofika mimi.

"Kiingereza unajua?" akaniuliza.

"Cha jioni, dada."

"Na hesabu?"

"Nazo za jioni."

"Basi kaa hapa. Mashine yenyewe ni ya jioni, asubuhi haiwaki vizuri."

Wenzetu wenye mashine za aina ile walikuwa wanaandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Koboli. Dada Rukia alisoma C huko alikosoma, na alikuwa mbishi, basi sisi tukaandika kwa C. Herufi moja tu, wanatamka sii. Nadhani walipofika kwenye kuipa jina, wino uliisha. Na mjue kwamba kibodi za skrini zetu hazikuwa na mabano ya mraba, na C bila mabano ya mraba ni kama makande bila maharage. Dawa yake ilikuwa kuandika alama mbili za kuuliza na bano la kawaida, mashine inaelewa yenyewe kwamba unamaanisha la mraba. Ndiyo hizo alama mnazoniulizia. Meneja wetu, Bwana Mgonja, aliwahi kushika karatasi ya programu yangu akaipitia kwa makini sana, akaniambia, "Mama Eli, mbona una mashaka mengi hivi? Jiamini." Nikasema asante bosi, nitajitahidi.

Sasa mambo mawili ambayo Dada Rukia alinifundisha, na nyie nawafundisha, kwa sababu naona huko kwenye kompyuta zenu ndogo kila mtu anaishi kwake kama tajiri.

La kwanza: kwenye mashine ile programu zote zilikuwa zinaishi chumba kimoja. Karani wa Kileo, wa Kisiwani, wa Ndungu, wote skrini zao zimefungwa kwetu kwa waya za simu, na kazi zao zote zinapita kwenye kumbukumbu moja. Na C ina tabia moja mbaya, ukisema andika hapa, inaandika, haikuulizi hapo ni kwako au kwa jirani. Mara ya kwanza nilipopitiliza mpaka, skrini zote zilizima njia nzima. Simu zikalia kama ving'ora. Dada Rukia hakunigombeza. Alinifungulia soda, akainyunyiza kidogo kwenye nywele zangu.

"Sasa umebatizwa."

"Dada Rukia, wewe si Mwislamu?"

"Ndiyo maana nimetumia soda."

La pili: programu isikae kumsubiri mtu. Hili lilinisumbua. Nilidhani programu inamuuliza karani jina, inasubiri, karani anajibu, inaendelea. Hapana. Inaweka fomu kwenye skrini, inaondoka kabisa, inafungasha hata vitu vyake. Karani akishabonyeza, inaamshwa upya, haikumbuki lolote isipokuwa kile ilichokiweka kwenye kimkoba ilichokiacha mlangoni. Maana ikikaa kusubiri, imeshika nafasi ya wengine. Nilivyosikia hivyo nikamwambia dada, mbona hii ni ndiva. Akauliza ndiva ni nini. Nikamweleza kwamba kule kwetu mlimani tuna bwawa la kukusanya maji ya kumwagilia, tunaita ndiva, na kila mtu ana zamu yake. Zamu ikifika unafungua, unamwagilia, unafunga, unaondoka. Huwezi kuziba mfereji kwa jembe halafu ukaenda kunywa uji huku majirani wanaangalia mahindi yao yakinyauka. Ukifanya hivyo, msiba wako watakuja wachache.

Dada Rukia akafikiri. "Hiyo ya msiba ningewekewa kwenye kitabu, ningeelewa mapema."

Miaka ile ilikuwa ya dhiki, sitaipamba. Karatasi za printa tulichapa mbele, tukageuza nyuma, halafu tukafungia maandazi. Utepe wa printa ukikauka tuliulainisha kwa wino wa mihuri mpaka majina yote yakawa ya zambarau. Kwenye foleni ya sabuni nilisimama na programu yangu mkononi natafuta kosa, na jirani zangu wakadhani ni barua kutoka mahakamani, wakanihurumia, mmoja akanipisha mbele. Sikumsahihisha. Nguzo za simu za Kisiwani tembo walizifanya za kujikunia mgongo, basi mawasiliano yakikatika tunaandika sababu, tembo, na makao makuu wanatujibu tuthibitishe. Sijui walitaka saini yake.

Halafu ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Sukari ikarudi, sabuni ikarudi, mitumba ikaja kwa marobota. Tukaambiwa sasa kila kitu kinanunulika. Cha kwanza kuwekwa sokoni likawa shirika letu.

Mashamba ya mkonge yalikuwa na watu wa kila mkoa. Waha, Wanyamwezi, Wabena, Wamakonde, walikuja vijana wakazeekea kwenye zile kambi. Ikaamuliwa warudishwe makwao kwa treni moja maalumu kutoka Same, na siku ya pili yake nyumba za kambi akabidhiwe mnunuzi. Kila familia ipangiwe nafasi kwenye behewa, na ipangwe kwa kompyuta, kwa sababu kompyuta haina upendeleo. Asiye na jina kwenye mashine hapandi. Tangazo lilibandikwa kila kambi, kwa herufi kubwa, na watu ambao wengi hawakusoma walisomewa na watoto wao.

Mnafikiri tuliombwa sisi kuandika hiyo programu? Sisi tulikuwa karibu mno. Aliletwa mshauri kutoka Dar, kijana wa tai, mpole, mwenye haraka. Akaandika, akaonyesha, akala mbuzi, akaondoka. Programu yake ilikuwa nzuri sana kwa nchi ambayo watu hawaongei. Karani anafungua behewa, mashine inalifunga kwa kufuli ili mwingine asiliguse, karani anaandika familia, anahifadhi, kufuli linaachiwa. Kwa maelezo yake kila familia ingechukua muda wa kupiga chafya.

Siku ya kwanza, kabla ya chai, skrini zote zikaganda. Nikapiga simu vituo vyote mpaka nikampata Abihudi, karani wetu wa Ndungu, kijana wa adabu kupita kiasi.

"Abihudi, umefungua behewa gani hapo?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Behewa gani?"

"Za Same mama? Watoto wazima?"

"Abihudi!"

"Mama, si tusalimiane kwanza? Nipo na mzee wa watu hapa, ndiyo tumefika kwenye habari za mbuzi."

"Kileo wamesimama, Kisiwani wamesimama, na sisi tumesimama. Wote tunasubiri mbuzi?"

"Mmoja anaumwa, mama."

Sasa mtamlaumu Abihudi? Yule mzee amekata mkonge maisha yake yote, anaondoka asirudi tena. Karani amwambie tu taja jina, taja idadi, anayefuata? Huku kwetu hata askari wa barabarani anauliza za nyumbani kabla ya kukuandikia kosa. Na ukishaanza salamu huwezi kukatiza katikati, ni kama kutoka kanisani wakati wa sala. Kosa lilikuwa la programu. Ilishika nafasi ya wote ikikaa kumsubiri mtu, na mtu wenyewe, huyu karani, alikuwa Mpare.

Bwana Mgonja alitoka ofisini jasho linamtiririka, na kile chumba kina baridi.

"Toeni hilo kufuli."

Dada Rukia akamwambia, "Bosi, tukilitoa hivihivi bila kuweka kingine, makarani wawili watafungua behewa moja kwa pamoja, na wa mwisho kuhifadhi atamfuta wa kwanza."

"Kwani watafungua pamoja mara ngapi?"

"Kila siku."

"Rukia, nyie watu wa pwani mna wasiwasi sana. Toa."

Yeye ndiye bosi. Likatolewa. Skrini zikaanza kwenda kama upepo, na Bwana Mgonja akapiga simu Dar kuwaambia mfumo sasa unaruka. Alisema kweli. Na majina yalikuwa yanaruka nao.

Asubuhi moja akaingia mama mmoja na kikapu, viatu amevishika mkononi kabla hajaambiwa. Alishuka kwenye lori la vitunguu kutoka Kisiwani. Aliitwa Mama Nyamizi, mjane wa mkata mkonge, kwao Urambo.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Nimelifuata jina langu. Karani alinigeuzia kioo nikaliona kwa macho yangu. Nimerudi kuuliza treni inaondoka saa ngapi, halipo. Akaliandika tena. Jana nimepita, halipo tena. Nimeona nije huku linakokaa."

Bwana Mgonja akasikia, akaja. "Mama, kompyuta haikosei."

"Sijasema imekosea, baba. Nasema imenimeza."

"Rudi Kisiwani, tutaliangalia."

"Nirudi nikakae wapi? Nyumba inachukuliwa. Mume wangu nimemzika pale kambini, kaburi nawaachia, sitalibeba. Mama yangu yupo Urambo, macho yameshakwenda, anangoja tu anishike mkono. Nikilikosa hilo behewa, baba, nitafikaje kwake?"

Bosi akasema utaratibu utafuatwa. Hilo ndilo neno lake alipokuwa hana la kusema. Mama Nyamizi akatazama makabati ya mashine, akauliza kama jina lake limo humo ndani. Nikasema kama lipo, limo humo. Akatandika khanga yake sakafuni kati ya makabati mawili, akaketi, akatoa rozari.

"Basi nitakaa nalo."

Mlinzi aliitwa. Akaja, akamwangalia, akamwamkia, akarudi getini.

Mimi na Dada Rukia tulishajua ugonjwa, lakini kujua na kumwonyesha bosi ni vitu viwili. Tukakaa kwenye skrini mbili, kila mtu na yake, tukafungua behewa lilelile la nne kama makarani. Mama Nyamizi tukamwomba awe mteja wangu. Akakubali, ila akasema kama ni mteja basi asalimiwe sawasawa, asije akaonekana wa kuigiza. Basi nikamsalimia. Za asubuhi, za Kisiwani, za wajukuu, za mvua, za mguu unaomsumbua. Wakati huo Dada Rukia hana mteja, kaandika jina la kubuni, Juma Majaribio, kahifadhi. Mimi nikamaliza salamu, nikaandika Mama Nyamizi, nikahifadhi. Tukafungua behewa upya. Juma hayupo.

Mama Nyamizi akasogea kwenye skrini. "Huyu Juma kaenda wapi?"

"Nimemfuta mimi mama, wakati nakusalimia wewe." Nikamweleza. Nilipofungua behewa nilipewa picha yake ilivyokuwa wakati ule, Juma bado hajaingia. Nilipohifadhi nikairudisha picha yote, na yangu haikuwa na Juma.

"Kwa hiyo mimi nilifutwa na nani?"

"Na mtu mwenye adabu, mama."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaacha kucheka, akasema, "Na mteja wa huyo mwenye adabu, mkiacha hivi, kesho atafutwa na nani?" Hapo na sisi tukaacha kucheka. Maana hatukujua walishafutwa wangapi. Waliofutwa wenyewe hawakujua. Walikuwa kambini wanafunga mizigo, wanauza kuku.

Tukamwendea bosi. Akasema programu isiguswe mpaka treni iondoke, ameshatoa taarifa Dar kwamba imefanikiwa, na kesho wageni wa mnunuzi wanakuja kukagua. Dada Rukia akaongea kwa hoja, kwa michoro, kwa Kiingereza. Haikusaidia. Mimi sina michoro. Nikamwambia, "Bosi, mimi kazi yangu ni kuandika programu tu. Yule mama ni wa shirika. Nenda wewe ukamwambie kwa mdomo wako kwamba hapandi treni. Tukitoka hapo, sisi hatutasema neno."

Akaenda. Kamkuta kaketi. Sasa huwezi kumwambia mama wa umri ule kitu kama hicho umesimama, na huwezi kukaa bila kumwamkia. Akachuchumaa, akaamkia. Akaitikiwa. Akaulizwa za nyumbani. Akaulizwa kama mama yake mzazi yu hai. Yu hai, yuko huko juu Vudee. Akaulizwa alimwona lini mara ya mwisho. Bwana Mgonja akajibu kitu ambacho hatukukisikia. Alikaa pale muda mrefu, suruali yake ya kijivu imegusa sakafu.

Akarudi bila kutuangalia. "Fanyeni. Ila wageni wakija asubuhi, yule mama awe ameshaondoka pale."

"Ataondoka na jina lake, bosi," nikamwambia.

Mpaka leo sijui kama ilikuwa huruma au ni wale wageni. Mungu anajua.

Tuliandika mchana ule ule. Msikilize vizuri, maana hii inafaa hata leo. Hatukurudisha kufuli, na hatukuacha wazi. Programu inampa karani picha ya behewa, na nakala ya ile picha inaiweka kwenye kile kimkoba changu cha mlangoni. Halafu inaondoka, karani asalimie mpaka achoke. Akibonyeza kuhifadhi, programu inarudi, inasoma behewa upya kwa kufuli la muda mfupi tu, inalilinganisha na nakala ya kwenye mkoba. Kama ni sawa, inaandika. Kama kuna mtu kaligusa, haiandiki, inamwonyesha karani hali mpya aanze hapo. Na mnapolinganisha, linganisheni mpaka mwisho wa rekodi. Msitumie ile njia ya C ya kulinganisha maneno, ile ikikutana na sifuri inahesabu imemaliza, inakwambia ni sawa, kama fundi aliyepaka rangi ukuta wa mbele peke yake.

Ujumbe wa kwenye skrini niliuandika mimi: BEHEWA LIMEBADILIKA WAKATI UNAONGEA. SOMA UPYA. Dada Rukia alitaka tuondoe "wakati unaongea." Nikakataa.

Tukapakia programu mpya. Mama Nyamizi akaandikwa upya behewa la nne mbele ya macho yake. Hakuondoka. Akasema ameshawahi kuliona kabla likapotea, anataka kuona kama litabaki wakija wengine. Tukasubiri naye. Simu ikalia, Abihudi.

"Shikamoo mama. Mama, hii mashine inaniambia limebadilika wakati naongea. Nani kaiambia naongea?"

"Ulikuwa huongei?"

"Nilikuwa naongea, lakini si vizuri kunisema mbele ya wateja."

"Soma upya, mwanangu. Behewa gani?"

"La nne. Haya, nasoma. Naona Mama Nyamizi kaingia. Namweka huyu wangu chini yake." Nikamsikia akibonyeza. "Limekubali."

Nikalifungua behewa. Mama Nyamizi yupo, na chini yake yupo mtu wa Abihudi. Mama akaweka kidole kwenye kioo, juu ya jina lake, akakiacha pale kidogo. Halafu akakunja khanga yake.

Waliofutwa tuliwapata kwa njia ambayo haimo kwenye kitabu chochote cha kompyuta. Dada Rukia alipeleka tangazo misikitini, likasomwa Ijumaa. Mimi nikapeleka makanisani, kwa Walutheri na kwa Wakatoliki, likasomwa Jumapili baada ya matangazo ya ndoa: kila familia irudi kwa karani ikaone jina lake upya. Walikuja. Na hapo tukaona faida ya programu inayosema ukweli, kwa sababu ilianza kutuambia mabehewa yamejaa na watu bado wapo mlangoni. Ile ya zamani haikuwahi kujaa, ilikuwa na ukarimu.

Bwana Mgonja akaenda stesheni mwenyewe kuomba behewa la ziada. Akapewa, la ng'ombe. Akaja kutuambia kwa sauti ndogo. Hakuna aliyemsema. Wanawake wa usharika wetu na wanawake wa msikitini kwa kina Rukia tulikwenda na fagio na maji na ile sabuni iliyorudi na ruksa, tukalisugua mpaka tukasahau lilikuwa la nani. Watu wa kambi wakaanza kubishana nani apelekwe huko. Mama Nyamizi akasema abadilishwe yeye, aingie humo na mizigo yake, la nne wapewe wenye watoto wachanga.

"Mimi Mnyamwezi," akasema. "Ng'ombe nawajua kuliko watu."

Nikambadilisha mwenyewe. Mashine ikalinganisha, ikakubali.

Siku ya treni upepo wa Same ulikuwa unapiga kofia za watu mpaka relini. Nilikwenda stesheni kwa sababu nilitaka kuona kwa macho. Mama Nyamizi alikuwa amekaa kwenye mlango mpana wa lile behewa, miguu inaning'inia, wajukuu nyuma yake juu ya mabunda. Akaniona, akaniita.

"Na wewe mwanangu, wakishauza hapa, wamekupangia behewa gani?"

"Mimi sina behewa, mama. Kwetu ni pale juu, nitapanda kwa miguu."

Akaangalia mlima, akaniangalia mimi. "Basi wewe hutakuwa na wa kukusindikiza hivi," akasema, akanipa mkono. Treni ikavuta. Nilisimama mpaka behewa la mwisho likapotea upande wa Makanya.

Niliporudi ofisini, Bwana Mgonja akaniambia nafasi kwenye diski ni ndogo na mnunuzi anataka kuona mambo safi, kwa hiyo nifute kila kitu cha mabehewa. Nikafuta rekodi, nikafuta programu, nikafuta na maandishi yake ya C. Dada Rukia akaniuliza kama roho inaniuma. Nikamwambia hapana, sasa hivi wako Korogwe.

Kwa hiyo, vijana, hizo mlizorithi ni za mizigo, za dizeli na za marobota ya katani. Zitunzeni, msizidharau kwa sababu ya alama za kuuliza. Ila ile niliyoiandika vizuri kuliko zote hamtaikuta humo, hata mkitafuta.